Sufuria kwa Riffat, Viungo kwa Sumbul

"Toa kidole!"

"Kidole changu, kontena langu, wewe..."

"Nimesema toa kidole, Riffat, mtihani wangu umo ndani ya..."

"...wewe nani wa kuniambia nitoe kidole? Na hata 'dada' huniiti siku hizi! Riffat, Riffat, kama unamwita muuza maziwa!"

"Dada hafuti kazi ya mdogo wake!"

"Mdogo hamtukani dada yake mbele ya wageni!"

Mimi nilikuwa nimekalia sanduku la mablanketi la Amma, mama yetu, chini ya ngazi, nimebanwa kati ya wake wawili wa kaka zangu kama nyama ndani ya sambusa. Kushoto kwangu Shemeji Riffat, mke wa kaka mkubwa Wajahat, kidole kikielea juu ya kitufe cha enta. Kulia Shemeji Sumbul, mke wa kaka wa pili Nabil, kashika waya wa umeme kama anayetaka kunyonga kuku. Na mbele yetu sote, seva ya nyumbani: kompyuta kuukuu ya ofisi niliyoinunua kwenye soko la mitumba hapa mjini kwetu Pindi, ikihema na taa yake nyekundu inawaka. Diski imejaa. Imejaa pomoni, haina hata pa kuweka kope.

Kwenye skrini, ndani ya lile dirisha jeusi, amri ya usafi ilikuwa imeshaandikwa. Imebaki enta tu. Ukiibonyeza, kila kontena lililozimwa linafagiliwa, halirudi tena. Na mojawapo ya hayo lilikuwa kontena la zamani la darasa la Sumbul, lenye maswali yote ya mtihani wa leo.

"Wasichana wanaingia baada ya alasiri," Sumbul aliniambia mimi, maana na Riffat walikuwa wameshafika pale ambapo mtu anaongea na mwenzake kupitia mtu wa tatu. "Mwambie shemeji yako mkubwa, wakikuta patupu, wazazi wao wanawahamishia kwa yule mwalimu mwenye bango kule barabara kuu. Halafu Nabil ananiambia nini? Si unajua ataniambia nini?"

Nilijua. Nyumba nzima ilijua. Sumbul ana shahada ya kemia. Kaka Nabil alikubali afundishe wasichana wanaotafuta nafasi ya kusomea udaktari, ila kwa masharti: kwa mtandao tu, kutoka chumbani, na siku darasa litakapokosa wanafunzi, mjadala umefungwa, hakuna kutafuta jingine. Kwa Sumbul lile darasa ndilo dirisha pekee lililobaki wazi. Mtihani wa leo ndio ambao wazazi walisema watautumia kuamua.

"Mwambie shemeji yako mdogo," Riffat akanijibu mimi, "makontena ni ya nani?"

"Shemeji jamani..."

"Ya nani, Mubi?"

"Yako."

"Basi."

Sasa mgeni atashangaa: makontena yanakuwaje ya mtu? Ngoja.

Baada ya Idi jiko letu liligawanywa. Wake wa kaka wakishindwa kuchotea sufuria moja, huku kwetu watu hawaendi mahakamani, wanagawa jiko. Riffat alibaki na jiko la chini, Sumbul akajengewa lake kwenye kibaraza cha juu. Friji: rafu za juu kwa mmoja, za chini kwa mwingine, na droo ya mboga ikawekewa ubao katikati kama mpaka wa nchi. Kamba ya kuanikia nguo ikafungwa fundo. Soksi ya Wajahat ikivuka fundo, vita. Mimi ambaye sijaoa na chuo nilikiacha katikati sikuwemo kwenye mgao. Nilikuwa nakula popote palipobaki kitu cha kuchota.

Ikabaki seva. Kila mtu anaitumia: tamthilia za Kituruki za Riffat kwenye televisheni, picha za ukoo mzima, kamera ya getini, darasa la Sumbul. Huwezi kuipasua kwa msumeno. Amma akakaa na sinia lake la vitunguu saumu akaniuliza, "Humo ndani kuna nini hasa?"

Nikamweleza vizuri tu. Amma, kila kazi ina kontena lake. Ni kama chombo chenye kifuniko: tamthilia ndani ya hiki, picha ndani ya kile, havigusani, kimoja kikiharibika hakiharibu kingine. Halafu kuna plagini, vijiprogramu unavyotia ndani ya kontena ili lifanye zaidi. Tamthilia ina plagini ya kuandika tafsiri chini ya picha. Darasa lina plagini ya mitihani.

Amma akapuliza maganda. "Kumbe ni sufuria na viungo! Mnanisumbua na maneno. Riffat mkubwa, achukue sufuria. Sumbul achukue viungo. Tumemaliza."

Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Nilipoinua kichwa, hakuna mwingine aliyekuwa anacheka. Riffat alikuwa ameshanyoosha mkono anataka paswedi ya makontena, na Sumbul anauliza kama plagini ya picha nayo ni yake. Niwafundishe? Nikawafundisha. Nani ataikosa sinema ya bure?

Siku ya kwanza tu Sumbul akaing'oa plagini ya tafsiri. Riffat akakaa kutazama Waturuki wanalia bila kujua wanalilia nini. Nikamwonea huruma, nikamwandikia maandishi mwenyewe. Kijana kapiga magoti hospitalini, mchumba wake anakata roho, na chini imeandikwa: "Haleem imeungua, mpenzi. Nani atasugua sufuria?" Riffat alilia vipindi viwili vizima kabla hajashtuka. Aliposhtuka hakunilaumu mimi. Alipanda ngazi hadi kwa Sumbul na mwiko mkononi.

"Unanicheka mimi na sufuria zangu!"

"Muulize shemeji yako mpenda mzaha!"

"Nani kamfundisha? Ni wewe!"

Toka hapo Riffat akawa analizima kontena la darasa "kwa usafi" kila Sumbul anapofika katikati ya somo. Sumbul naye akaingia kwenye plagini ya kutambua nyuso katika picha za ukoo. Kila uso wa Riffat sasa ukaitwa "Mtu asiyejulikana". Harusi ya Riffat, picha mia na zaidi: bwana harusi Wajahat, na pembeni yake, Mtu Asiyejulikana.

Lakini balaa lenyewe lilitokana na rafu.

Kontena si mahali pa kuweka mali. Leo lipo, kesho unalivunja unatengeneza jipya, ndivyo lilivyo. Mali unaiweka nje, kwenye rafu, na kontena linaruhusiwa kunyoosha mkono kuichukua. Likifa, mali ipo. Nakala zangu za akiba pia zinachukuliwa rafuni tu. Sasa siku ya mgao Riffat alisema rafu ni jamaa ya sufuria, kwa hiyo na rafu ni yake. Sumbul, kichwa kilichosoma kemia mpaka mwisho, akajibu kwamba afadhali vitu vyake vilale sakafuni kuliko kulala kwenye rafu ya Riffat. Akayahamisha maswali yake yote kutoka rafuni, akayatia tumboni mwa kontena lenyewe, ndani ya plagini yake.

Nilimwambia. "Shemeji, hapo ni kama umeweka dhahabu kwenye mfuko wa taka."

"Mfuko wa taka wangu," akasema. "Wewe uko upande wa nani?"

Na asubuhi ya leo Riffat kasimamisha kontena jipya la darasa, jeupe, "lisilo na harufu ya viungo vya mtu", lile la zamani akalizima. Sumbul kufungua mtihani wake, akakuta darasa tupu kama uwanja wa sala siku ya pili ya Idi. Akashuka ngazi bila viatu. Na ndipo tulipo.

"Nipe tu muda Mubi aniokolee maswali yangu," Sumbul alisema. Sasa alimtazama Riffat usoni. "Baadaye fagia, deki, choma ubani, fanya utakalo."

"Masharti mawili."

"Huna haya."

"La kwanza, rudisha tafsiri ya tamthilia yangu. Ya kweli. La pili, niombe radhi kwa lile neno la korma."

Hapo nikatazama dari. Usiku wa Idi, mbele ya wakwe wa Wajahat waliotoka Gujranwala, Sumbul alionja korma ya Riffat, ule mchuzi wa nyama, akasema ina ladha ya dawa ya kikohozi iliyotiwa mifupa. Mjomba mmoja alicheka chai ikamtoka puani. Jiko liligawanywa kesho yake.

"Tafsiri nitarudisha," Sumbul akasema.

"Na korma?"

Sumbul akauvuta waya kidogo.

"Shemeji," nikamnong'oneza Sumbul, "sema samahani, ni neno moja, silabi nne, hata kasuku..."

"Siwezi kusema uongo kwenye nyumba yenye msahafu. Ile korma ilikuwa dawa ya kikohozi."

"Umesikia?" Riffat akanigeukia, sauti imepanda hadi gorofani. "Umesikia, Mubi? Nakaa tangu alfajiri napika kwa ajili ya watu ishirini, huyu anashuka na kucha zake zimepakwa rangi anaonja, anatema. Vitabu vyote vile havikumfundisha adabu, atamfundisha nani udaktari? Wagonjwa watamkimbia!"

"Bora wagonjwa wanikimbie kuliko wageni!"

"Nabonyeza!"

"Nachomoa!"

"Ukichomoa diski imejaa hivi haiamki tena!" nikapiga kelele mimi. "Mtakufa wote! Na Waturuki wenu!"

Umeme ukakatika.

Mgao wa kawaida wa mchana, hakuna aliyeushangaa. Feni ikazunguka mwisho mwisho ikasimama, na betri ya akiba chini ya sanduku ikaanza kulia: tiii, tiii. Ile betri ni mgonjwa wa siku nyingi. Ikikata na seva iko wazi, na diski imejaa namna hii, wallahi sijui kitakachoamka na kitakachobaki kaburini.

"Shemeji Riffat," nikasema taratibu, kama unaongea na mtu mwenye bunduki, "inabidi niizime seva yenyewe kwa utaratibu. Nipishe."

"Nafagia kwanza, ipate pumzi. Ndivyo ulivyonifundisha."

"Nilikufundisha ukiwa na akili timamu."

Akabonyeza.

Sumbul alitoa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, ndogo, kama mtu aliyekanyagwa kidole. Lakini skrini haikufuta kitu. Ule mtambo una tabia moja nzuri kuliko sisi sote: ukiuambia uangamize, unauliza kwanza. Mstari mpya ukatokea, ukasubiri.

"Nini hiyo?" Amma alisema.

Hakuna aliyemwona akija. Alikuwa mlangoni mwa ngazi na sinia la njegere, ukanda mmoja wa ndala umekatika anaburuta mguu. Alikaa kwenye kigoda chake, akaanza kumenya kana kwamba pale palikuwa bustanini.

"Inauliza kama tuna uhakika, Amma," nikamjibu. "Tukisema ndiyo, mtihani wa Sumbul unakwenda. Moja kwa moja."

"Na umo humo kwa sababu gani? Mbona hakuuweka rafuni?"

"Rafu ni yake," Sumbul akasema.

"Na wewe, Riffat. Unamwaga sufuria lenye chakula cha mwenzio?"

"Sufuria ni langu, Amma. Ulisema mwenyewe."

Amma akapasua ganda kwa ukucha. Njegere zikalia siniani. "Haya. Anayetaka kusema ndiyo aseme. Ila ajue mimi mkononi mwake sili tena."

Nilidhani hapo imekwisha. Nyumba gani mkwe anasema hivyo na watu hawashushi pumzi? Yetu.

"Usile," Riffat akasema. Akajiuma mdomo, lakini neno limeshatoka, akaona bora alifuate. "Kwani wiki hii si ya Sumbul? Ale kwa Sumbul."

"Wiki hii yangu?" Sumbul akaachia waya. "Wiki hii ni yako!"

Maana kwenye mgao Amma naye aligawanywa. Wiki moja anakula chini kwa mkubwa, wiki moja juu kwa mdogo. Ndivyo wafanyavyo majumbani, wala si ajabu. Hata yeye alimgawa hivyo mama mkwe wake zamani.

"Yangu ilikuwa ile iliyopita!"

"Iliyopita alikuwa na homa, ukasema una wageni, ukamleta juu kwangu siku ya Alhamisi! Nani alimnywesha uji?"

"Uji! Kijiko cha uji umekitia kwenye hesabu! Na Ramadhani nzima nani alimpikia daku?"

"Ramadhani jiko lilikuwa moja!"

"Jiko moja, mpishi mmoja, mimi!"

"Na ngazi je? Ana magoti mabovu, unampandisha kwangu kila ukichoka, unadhani mimi sioni? Kaka zako wakija tu, 'Amma, leo kwa Sumbul kuna hewa nzuri'!"

"Kuna nafasi wapi? Nimlaze wapi, juu ya friji?"

"Nafasi! Ni gunia la unga?"

"Basi mchukue jumla!"

"Mchukue wewe! Mkubwa ni wewe, sufuria zote unazo wewe!"

Tiii, tiii, tiii.

Mimi nilikuwa na mikono miwili na mabibi wawili waliosahau kwamba kuna kompyuta. Riffat kasimama, kidole kile kile cha enta sasa kinamchoma Sumbul kifuani. Nikateleza kutoka kwenye sanduku hadi kwenye kibodi. Inauliza una uhakika? Nikajibu hapana. Nikaingia kwenye kamera ya getini nikafuta wiki nzima ya paka wa jirani akinya kwenye maua yetu. Diski ikapata pa kupumulia. Kisha nikalifungua lile kontena la zamani, nikaingiza mkono mpaka tumboni, nikayatoa maswali. Faili moja moja. Kemia, biolojia, michoro ya figo, majibu. Nikatengeneza rafu nyingine kabisa, si ya Riffat wala si ya yeyote, nikayaweka juu yake, nikalielekeza kontena jipya lile jeupe likachukue pale. Nikatia plagini yake. Nikafungua ukurasa wa darasa kwenye simu yangu.

Mtihani huu hapa. Swali la kwanza mpaka la mwisho.

"Umepona," nikasema.

"...na dawa zake za presha nani anazikumbuka? Wewe?"

"Nazikumbuka zaidi yako, juzi ulimpa za Wajahat!"

"Shemeji! Sumbul! Mtihani umepona! Wasichana wakija wataukuta!"

Sumbul alinitazama nusu sekunde. Niliona mabega yake yakishuka, niliona anataka kulia au kunikumbatia, kitu kama hicho. Halafu Riffat akasema, "Basi kwa kuwa una bahati, wiki ijayo ni yako pia," na mabega yakapanda tena mahali pake.

"Sichukui! Nina wanafunzi mimi!"

"Na mimi nina watoto!"

"Mimi niliomba kuolewa na mwanawe, sikuomba..."

Hakumalizia. Hata yeye alisikia.

Nikaizima seva polepole, kontena moja baada ya jingine, kama mtu anayefunga madirisha kabla ya mvua ya mawe. Umeme ungerudi kabla ya alasiri, huwa unarudi. Ikiwaka itaamka nzima. Betri ikanyamaza. Na kelele ile ilipoisha ndipo tukagundua kwamba hata njegere zilikuwa zimenyamaza muda.

Amma alikuwa ameshika ganda moja halijapasuliwa.

"Mubashir," akasema. Huwa ananiita Mubi. "Hayo ya shemeji yako umeyatoa?"

"Nimeyatoa, Amma."

"Umeyaweka wapi?"

"Pembeni. Peke yake. Hata wavunje makontena yote, hayaguswi."

Akatikisa kichwa kama mtu aliyeambiwa bei akaikubali. Akaweka ganda siniani, akajifuta mikono kwenye shali.

"Amma, sikumaanisha..." Riffat alianza.

"Amma, hasira tu ile," Sumbul akadakia. Ilikuwa mara ya kwanza toka Idi wanasema jambo moja.

Amma alishika kiuno akainuka, sinia akaliacha pale sakafuni katikati ya wote wawili.

"Vaa viatu," akaniambia mimi. "Nenda dukani kabla hawajafunga kwa sala. Kaninunulie jiko la gesi. Dogo, la mtu mmoja."